Gunia Lililorudi Madhabahuni

Vitus Kalinga hakumwamini mtu aliyefunga gunia kwa uzi wa nailoni. Kwake gunia lilifungwa kwa kamba ya gome, na fundo lilikuwa la nyumba, kama jina la ukoo. Fundo la kina Kalinga lilipindwa kushoto, likamezwa ndani, na halikufunguka kwa kuvutwa. Lilifunguliwa na aliyelijua au lilikatwa kwa kisu. Katika kijiji chao, nyuma ya misonobari ya Sao Hill, kila nyumba ilikuwa na fundo lake, na aliyeingia ghala la yatima aliona kwa macho nani ametoa na nani amejificha. Siku hizi watu hufunga kwa chochote walichookota njiani, na wakitoa debe moja la mahindi wanataka kupigwa picha nalo.

Ujana wake Kalinga aliumalizia juu ya shimo la kupasulia mbao, kabla ya mashine kuja na kelele zake. Ndiyo maana bega lake la kulia lilikaa chini kuliko la kushoto. Alipozeeka alihamia kwenye mianzi. Alisuka matenga ya nyanya, na madereva wa Ruaha Mbuyuni waliyasifu kwamba hayapasuki njiani. Ugonjwa ule, ambao watu waliupa kila jina isipokuwa lake, ulimchukulia mwana na binti. Mkewe Faustina aliwauguza wote wawili, na alipomaliza kuwauguza naye akalala, hakuamka. Nyumba ikabaki na mzee na mjukuu, Eveline, aliyezaliwa na virusi vya mama yake. Kila jioni mtoto alimeza dawa babu akimkazia macho, kana kwamba angeificha chini ya ulimi.

Kulikuwa na desturi. Siku ya kuondoa matanga, kabla watu hawajatawanyika, mzee mmoja alisimama, akamshika bega mtoto aliyeachwa, akauliza, "Huyu atalala kwa nani?" Hakuna aliyeruhusiwa kuondoka uani mpaka mtu ajibu. Wakati mwingine jua lilizama watu wamekaa wanatazama chini, lakini jibu lilipatikana. Aliyejibu hakuachwa peke yake. Kijiji kilikuwa na shamba la yatima, na lililimwa kwa mgowe, watu wote na majembe yao asubuhi, ulanzi, pombe ya mianzi, jioni. Mahindi yake yaliingia ghalani.

Kisha wafadhili wakaja, marafiki wa usharika kutoka ng'ambo, watu wema wenye kofia pana. Wakajenga kituo, wakaleta gari la kuwapeleka watoto kliniki Mafinga, wakaleta unga wa lishe. Hakuna aliyekataa. Lakini pole pole mgowe ukafa, maana nani atalima wakati unga unakuja kwa gari? Shamba la yatima likapandwa misonobari, wakaita mradi. Msonobari haupikwi. Na siku ya kuondoa matanga ya mama yake Eveline, Kalinga alipotazama uani ili mtu aulize lile swali, alimsikia mmoja akisema, "Kituo si kipo?" Watu wakaanza kutafuta viatu vyao. Kalinga akajibu swali ambalo halikuulizwa. "Atalala kwangu," akasema, na wengine hawakumsikia.

Tangu hapo alikitazama kituo kwa jicho la pembeni. Msimu huu alikuwa na sababu zaidi. Wageni wa kofia pana hawakuonekana tena. Unga wa lishe ulikuja kidogo, kisha haukuja. Na mratibu wa kituo, Lusekelo, kijana Mnyakyusa kutoka Tukuyu, alikuwa na majibu laini mno. Mtu anayejibu kabla hujamaliza kuuliza, Kalinga alijua, amejibu swali hilo kitandani usiku.

Alhamisi moja Lusekelo alifika, akamkuta mzee anapasua mianzi.

"Kamwene, mzee."

"Kamwene. Umejifunza Kihehe. Sasa jifunze kuketi."

Lusekelo akaketi juu ya tenga lililopinduliwa. Alizungumza juu ya mvua, juu ya mchungaji, kisha akafika. "Nimekuja kwa ajili ya Eveline. Wenzetu wana hosteli Mbeya. Watoto wa kituo chetu wenye shida ya kliniki watahamia huko. Kitanda chake mwenyewe, shule, kliniki ipo getini."

"Na babu yake yupo getini?"

Kijana akacheka kidogo. "Babu atakwenda kumwona."

"Kwa nini mnawahamisha?"

"Ni mipango ya kituo, mzee."

"Mipango ni mtoto wa nani? Nitajie baba yake, labda namfahamu."

Lusekelo alitazama viatu vyake, na Kalinga naye akavitazama. Vilikuwa vipya. "Nafikiria tu afya yake," kijana akasema. "Jumapili baada ya ibada utanipa jibu. Gari likisimama, mzee, atakwendaje kliniki?"

"Gari lisimame kwa nini?"

Lusekelo akaaga. Eveline, aliyekuwa nyuma ya mlango, alitoka na sufuria mkononi.

"Babu, Mbeya ni mbali kuliko Iringa?"

"Ni mbali kuliko mimi," Kalinga alimjibu, akarudi kwenye mianzi.

Siku iliyofuata alipeleka matenga Mafinga. Alipitia duka la Firoz kununua chumvi, kama alivyonunua kwa mama yake Firoz, Bi Taslim, enzi zile duka likiwa na mlango mmoja. Nyuma ya mizani yaliegemezwa magunia. Moja lilifungwa kwa kamba ya gome, fundo limepindwa kushoto, likamezwa ndani.

Kalinga hakuhitaji kuligusa. Lilikuwa gunia lake la maharage. Alilitoa sikukuu ya mavuno kwa ajili ya watoto wa kituo, akaliweka mwenyewe mbele ya madhabahu.

"Mwana wa Taslim, gunia hili lilikuja kwa miguu yake?"

Firoz alikuwa akimpimia mtu sukari. "Mzee Kalinga, ungekuwa polisi ungetufunga wote. Lililetwa na kijana wa kituo chenu, yule wa Mbeya. Maharage safi, hayana wadudu. Nikachukua."

"Ni ya yatima."

Firoz akaacha kupima. Mteja akabaki amekinga mfuko. "Sikujua, mzee. Wallahi sikujua. Basi lichukue, mama angekuwa hai asingenipa chakula leo."

"Bure silichukui. Kesho utasema Kalinga alikuja kuomba." Akamwachia matenga yote, akatafuta pikipiki, akafunga gunia nyuma yake kama mgonjwa. Chumvi aliisahau.

Njia nzima alikuwa na furaha, na furaha yake ilikuwa chungu. Kumbe hakukosea. Watoto wanapelekwa Mbeya ili ghala libaki bila macho, maharage yao yanaota viatu miguuni mwa kijana. Angeweza kwenda kwa mchungaji, akaongea naye faraghani. Lakini faraghani ndiko mambo yote ya kijiji chao yalikokwenda kufia.

Jumapili, ibada ilipokwisha, watu walitoka nje kwa mnada wa sadaka. Mnada uliendeshwa na Mama Bertha, mzee wa kanisa, mwanamke mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Alikuwa amemshika jogoo miguu.

"Jogoo huyu hana saa lakini hajawahi kuchelewa. Wapo Wakristo hapa wana saa mbili, na ibada wanaikuta kwenye amina. Nani anamchukua?"

Watu wakacheka, jogoo akachukuliwa, yakaja mayai, likaja boga. Ndipo Kalinga akaingia katikati na gunia begani, lile bega la chini, akalitua miguuni pa Mama Bertha.

"Hili nalo," akasema.

Mama Bertha aliinama, akaliona fundo. Hakufanya mzaha. "Vitus, gunia hili ulilitoa sikukuu ya mavuno. Mimi nililibeba kwenda ghalani."

"Nimelikuta Mafinga, dukani kwa Firoz. Kilichotolewa madhabahuni kinarudi madhabahuni, kinanadiwa tena hata mara kumi, hiyo tunaijua. Kutokea mlango wa nyuma hatujui. Mratibu atufundishe."

Mchungaji akapiga hatua mbele, lakini Lusekelo alikuwa ameshafika. Sauti yake haikuwa laini tena.

"Niliuza mimi," alisema. "Wafadhili wamesimama tangu mwaka jana. Hakuna fedha ya unga, hakuna ya gari. Watoto lazima wafike kliniki kuchukua dawa, kwa hiyo nikauza maharage, nikaweka mafuta. Na yakiisha hayo hakuna kingine. Ndiyo sababu ya Mbeya. Wao bado wana mfadhili."

"Kwa nini hukusema?" aliuliza mtu.

Lusekelo alimtazama mchungaji, na mchungaji akajibu mwenyewe, taratibu. "Tulisema tusubiri. Tuliona aibu. Tulidhani mtasema kanisa limeshindwa kulea."

"Kwa hiyo wageni walijua wameondoka," Mama Bertha alisema, "na sisi wenyeji hatukujua. Haya. Wageni ni sisi."

Kalinga alisimama akiwa na kweli ambayo haikuwa ile aliyoibeba kutoka Mafinga. Hakuipenda. Alimtazama Lusekelo miguuni, akaona viatu vile vipya vina vumbi la barabara ndefu, na bado hakujua. Huenda maharage yote yaliingia kwenye tangi la gari. Huenda debe moja lilipotea njiani. Nani alipima? Lakini watu walishaanza kujikusanya, wanawake wakitafuta vitoto vyao, wanaume wakitazama jua, na akaona kitakachofuata. Watasikitika, watakwenda kula, na siku moja gari litakuja kuchukua watoto. Kituo si kipo, watasema, kipo Mbeya.

Akamwita Eveline, akamshika bega.

"Huyu atalala kwa nani?"

Vijana walishangaa. Wazee hawakushangaa. Mzee mmoja aliyekuwa amefika langoni alisimama, kisha akarudi, akaketi juu ya jiwe. Mwingine akavua kofia.

"Kwangu," Kalinga alijijibu. "Amelala kwangu, ataendelea kulala kwangu. Sasa lete mwingine. Na mtu asiondoke."

Waliletwa mmoja mmoja, watoto waliokuwa wapelekwe Mbeya. Majibu hayakuja haraka kama ya hadithi. Shangazi mmoja alilia kwanza, akasema hana nafasi, kisha akasema anayo. Ambrosi, fundi wa samani, alisukumwa na mkewe kwa kiwiko ndipo akajibu. Akabaki mmoja, Atuganile, ambaye mama yake alitoka Rungwe kuchuma chai, akafia huku bila ndugu. Aliposhikwa bega, watu walitazama chini, na wakaendelea kutazama chini. Hakuwa wa ukoo wa mtu.

"Atalala kwangu," alisema Lusekelo.

Kalinga akageuka. "Wewe una mke?"

"Sina, mzee. Nina chumba."

"Kijana hana mke, ana chumba, ana gari, alale na binti wa watu?" Kalinga alimvuta mtoto upande wake. "Atalala kwangu, na Eveline. Wewe utaleta mafuta. Nami nitayatazama yanavyomiminwa."

Mama Bertha akalinyanyua gunia. Lilinadiwa, aliyelinunua akalirudisha, likanadiwa tena, likarudishwa, mpaka gari likapata mafuta ya msimu. Fundo halikufunguliwa na mtu, na mwisho gunia likaachwa chini ya ulinzi wa Kalinga. Ule mgowe ulitajwa, wengine wakaitikia kwa nguvu. Kalinga aliwatazama walioitikia kwa nguvu, akawatia alama moyoni. Kulima si kuitikia.

Siku ya kliniki ilipofika, Lusekelo alimkuta mzee ameshakaa kiti cha mbele, gunia la maharage magotini, mabinti wawili nyuma pamoja na wenzao.

"Mzee, si ulishushe? Nafasi ipo nyuma, safari nzima litakuumiza."

"Liache. Tumezoeana."

Gari likashika njia kati ya misonobari, likapita penye lile shamba la yatima. Eveline aliinama mbele, mdomo sikioni mwa babu.

"Babu, mbona unamwangalia Kaka Lusekelo hivyo?"

"Simwangalii yeye," alisema Kalinga. "Naangalia barabara."

Lakini uso wake ulikuwa umegeukia kwenye usukani.