Mwaka wa 1911 wa Nshombo

Nshombo hajawahi kusoma gazeti hadi mwisho. Nalisema hilo kwanza ili msomaji ajue ninamwandika mtu gani. Tulitoka naye Bukavu, tukakaa kambi moja ya wakimbizi, kisha mimi nikaletwa Buffalo na yeye akapelekwa Columbus. Sasa anaishi Gahanna, karibu na uwanja wa ndege, na anapanga maboksi ghalani. Mikono yake ni mikubwa, kicheko chake ni kikubwa, na bahati yake inavishinda vyote viwili.

Mimi ndiye niliyemwonyesha majarida ya 1911. Alikuja kwangu, mtaa wa Kensington-Bailey, kwenye matanga ya mke wangu Laurentine, akaona kitabu juu ya meza. Ulikuwa mwaka mzima wa 1911 wa jarida la wakusanya sarafu lililochapwa Ohio, matoleo kumi na mawili. Niliyatafuta kwa miaka tisa. Nilikuwa nikitoka kiwandani Tonawanda, naketi kuwaandikia wakusanyaji wazee wa Kizungu kwa mkono, nao wananijibu kwa mkono. Wengi wamekufa. Siku hizi nani anajibu barua? Wajukuu zangu hata ukiwaita kwa Kiswahili wanakujibu kwa Kiingereza.

"Mzee Murhula," Nshombo aliniuliza, "donc, unakusanya pesa?"

"Nakusanya maandishi juu ya pesa."

"Ah! Mutu amekosa nyama, anakusanya harufu!"

Watu wa matanga wakacheka, nyumbani mwangu.

Baada ya miaka miwili akanipigia simu. Naye alikuwa na mwaka wa 1911, wote. Aliununua kwa mjane mmoja, kwa kubonyeza simu akiwa amejilaza kitandani. Siku ile sikula.

Sasa, Louisville kuna chama cha wakusanyaji chenye chumba cha kusomea. Mtunza vitabu wake ni Mkenya, Truphosa, aliyekuja kusoma akabaki. Alitangaza kwamba anautafuta mwaka ule wa 1911, na kwamba jina la mtoaji litaandikwa kwenye rafu. Mimi niliishia darasa la nne. Kiingereza nilijifunza kwa kamusi na majarida hayo hayo. Jina langu nililitaka kwenye rafu ile kuliko ninavyolitaka kaburini. Nikaandika barua. Nshombo akapiga simu. Truphosa akatwambia twende wote wawili siku moja.

Kitabu changu nilikuwa nimekishona kama walivyoshona mafundi wa misheni nilipokuwa nafagia karakana yao: uzi uliopakwa nta, gundi ya unga wa muhogo, kingo zimekatwa zikalingana, karatasi ya kaki juu. Majalada na kurasa za matangazo nilivichana nikavitupa, maana mafundi walifanya hivyo. Nani anashona takataka ndani ya kitabu? Nshombo alileta matoleo yake ndani ya boksi la viatu.

"Kazi safi sana, mzee," Truphosa alisema akikigeuza changu. "Nani alishona?"

"Mimi mwenyewe."

Akafunua, akafunua tena. "Na adverts ziko wapi? Na covers?"

"Nilitupa, binti yangu. Kitabu kinafungwa hivyo."

"Woi." Akakiweka mezani taratibu. "Pole, mzee. Zamani kila mtu alizitupa. Ndiyo maana siku hizi ndizo tunatafuta."

Akafungua boksi la viatu, na uso wake ukachangamka. Nshombo hakuwa ametupa chochote, kwa kuwa hakuwahi kufunua chochote.

"Tuandike jina gani?"

"Nshombo," akasema, upesi kama mtu anayeagiza chai. Kisha akanigeukia. "Mzee, usikasirike. Mimi siyui Kizungu ya hii mambo. Unisomee kidogo, nijue nimetoa nini."

Nikasoma, nipate kumwonyesha nani ndiye msomaji. Katika kitabu changu nilichagua toleo la Machi, makala juu ya senti za Kongo zenye tundu katikati, nikamtafsiria moja kwa moja.

"Bibi yangu alikuwa nazo!" Nshombo akaruka. "Alizitunga kwenye kamba!"

Makala ilimtaja mwanamke aliyefika sokoni kununua chumvi, lakini hakutaka kuzifungua senti zake kwenye kamba. Muuzaji akamtazama, akamwambia...

Nikafunua ukurasa, nikakuta makala nyingine.

"Akamwambia nini?"

"Inaishia hapo."

"Hivi tu? Bon, huyu mwandishi ni wa namna gani?"

"Alichoka," nikajibu. Tangu nilipokishona kitabu nimeamini hivyo.

Truphosa alivuta boksi la viatu. Alichukua Machi ya Nshombo, akafunua kurasa za mwisho. Chini ya tangazo la nyembe palikuwa na mistari tisa iliyobaki ya makala ile. Alinisogezea, nikamrudishia, akasoma yeye. Muuzaji alimwambia, "Chukua chumvi, mama, uende na kamba yako. Ila ukiondoka tembea polepole, tuusikie mlio wake."

Nshombo alicheka hadi akafuta machozi.

Nikaomba nakala ya ukurasa ule. Truphosa aliitoa kwenye mashine, na kwa kufuata utaratibu wao akapiga mhuri chini: Mkusanyo wa Nshombo.

Niliporudi Buffalo nilipika gundi ya muhogo, nikaibandika nakala ile mahali pake. Kitabu changu sasa kina habari ile nzima, na nikiufikia ukurasa ule nalikuta jina lake linanisubiri.