Matanuri Yaliyokwisha Kusimama

Mapema miaka ya tisini chuo kikuu nilikofundisha kilipata hataza yake ya kwanza, na kwa bahati mbaya ilikuwa ya tanuri langu. Nasema bahati mbaya kwa sababu kabla ya hapo hakuna mkubwa hata mmoja aliyejua karakana yetu iko wapi. Lilikuwa tanuri la matofali na udongo, la kukaushia samaki kwa moshi. Ujanja wake ulikuwa kwenye njia ya moshi: ulizungushwa chini ya trei kabla ya kupanda, kwa hiyo kuni zilitumika kidogo na mpishi hakulia machozi kutwa. Nililijaribu ufuoni kwetu, nje kidogo ya Kisumu, kwa akina mama waliokausha mgongo wazi, yale mafupa ya mbuta yanayobaki viwanda vikishaondoa minofu.

Hataza ni haki ya kuwazuia wengine tu. Ikikaa kabatini haileti hata senti, na chuo kilitaka senti. Mimi nilipendekeza tutoe leseni kwa mafundi wengi, kila mmoja alipe kidogo kwa kila tanuri atakalouza. Mkuu wa idara alinitazama kana kwamba nimesema tukauze mandazi.

"Na nani atazunguka Nyanza nzima kukusanya hizo shilingi, daktari? Wewe?"

Yeye alikuwa ameshapata mnunuzi, mwenye karakana kubwa ya chuma mjini. Huyo alitaka leseni ya peke yake: alipe kitita mwanzoni, kisha mrabaha kila mwaka, na asiwepo mwingine wa kujenga tanuri la aina hiyo, awe fundi au mama wa ufuoni.

Tulikutana nyumbani kwa mnunuzi, Milimani. Nilikuwa na hasira. Niliwaambia kwamba sahihi yangu ya mvumbuzi hawataipata ikiwa wanawake walionisaidia kulijaribu watabomolewa matanuri yao. Mkuu aliikanyaga miguu yangu chini ya meza, nami nikaisogeza nikaendelea. Mwishowe mnunuzi alikubali sharti moja: matanuri yaliyokwisha kusimama na yanayotumika siku ya kutia sahihi yaachwe.

"Zenye ziko, ziko," alisema. "Lakini madam, nikituma mtu wangu huko, asikute mpya."

Sahihi zilipangwa kesho yake alasiri. Mama yangu hakuwa na tanuri.

Mama alikuwa mke wa pili. Kwetu mke wa kwanza, mikayi, ndiye hutangulia kupanda, kuvuna na kujenga. Wa pili akimruka anaita chira, mkosi unaomaliza watoto, na mahubiri ya Jumapili hayajawahi kuwatoa watu wetu hofu hiyo. Jirani alipojenga tanuri la kwanza, wazee walilizunguka, wakaona lina msingi, wakaamua kwamba hiyo ni nyumba. Mimi na shahada zangu nilicheka sana. Mama hakucheka. Matofali yake yalikaa nyuma ya jiko yakimngoja Mama Mkubwa, mikayi wetu, na Mama Mkubwa alikuwa amesema hataki tanuri, pipa lake la kukaushia samaki linamtosha.

Asubuhi nilimkuta Mama Mkubwa kwenye pipa hilo, macho mekundu kwa moshi.

"Mama, naomba ujenge leo."

"Leo kuna nini, nyathina, mtoto wangu?"

Nilimweleza yote. Alinisikiliza huku akigeuza samaki, bila haraka, na jua lilikuwa linapanda. Nilitamani kupiga kelele.

"Kwa hivyo hii kitu ulijifunzia hapa kwetu, saa hii ni ya chuo."

"Ni ya chuo, Mama."

"Na kesho mimi nikitaka?"

"Utanunua ya chuma, mjini."

"Na wewe umekubali hivyo."

"Nimekubali ndio zenye ziko zisibomolewe."

Akamgeuza samaki wa mwisho. Niliogopa kweli. Angesema hapana, mama yangu asingegusa tofali hata moja, na mimi ningeenda kutia sahihi mkataba unaomfungia nje mzazi wangu mwenyewe.

Mama Mkubwa alifuta mikono kwenye leso, akaenda nyuma ya jiko la mama, akachukua matofali machache. Aliyapanga mstari mmoja kando ya nyumba yake, akabandika udongo.

"Nimeanza," alisema. "Mwambie mamako ajenge."

Mama yangu alitoka mbio. "Mikayi, na yako? Matofali inatosha moja tu."

"Yangu imeanza. Hakuna mtu alisema lazima iishe."

Majirani waliitana, tukajenga tukiwa na udongo hadi viwikoni. Mkataba ulisema yanayotumika, kwa hiyo ilibidi mama awashe moto tanuri likiwa bichi, jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimewakataza wote. Lilipasuka kutoka mdomoni hadi juu, lakini halikuanguka. Niliondoka nikatia sahihi nikiwa na udongo kwenye kucha.

Mtu wa mnunuzi alikuja siku iliyofuata. Aligusa tanuri la mama: chini bichi, juu moto, na kwenye trei mgongo wazi umeshashika rangi. Alinitazama. Nami nilimtazama.

"Hii inatumika," alisema, akapita.

Alisimama kwenye mstari wa Mama Mkubwa. "Na hii?"

"Ni yangu."

"Mama, hii si tanuri," alimjibu kwa upole, akaenda zake.

Chuo kilipata pesa zake. Karakana ikanunuliwa mashine ya kukerezea, na mkuu akapigiwa makofi kwenye mikutano kwa kuonyesha jinsi hataza inavyolipa. Fungu la mvumbuzi lilipotoka, likiwa kwenye bahasha, sikulifungua. Nililipeleka kama lilivyo kwa Mama Mkubwa. Wakati huo macho yake yalikuwa yameanza kupofuka kwa moshi, akanijua kwa sauti. Niliiweka bahasha mikononi mwake, akaipapasa.

"Hii ni ya nini?"

"Ni ya tanuri, Mama."

"Lakini mimi sina tanuri," alisema, akanirudishia.