Link fupi niliyomtegea shemeji yangu baada ya ng'ombe kuibiwa

Wakuu, habari za humu ndani. Leo naandika kwa aibu, ila sitaongeza chumvi wala kupunguza. Wa kutukana atukane, nimejiandaa.

Mimi nina stationery ndogo pale Kerende. Photocopy, kuchapa barua, kuwatumia watu maombi ya vyuo online, kazi ndiyo hiyo.

Shida yangu ya miaka mingi ilikuwa link ndefu. Mteja anakuja na link kaiandika kwenye karatasi, mistari mitatu, herufi na namba kama za injini ya pikipiki. Ukikosea moja tu, haifunguki. Ukisema utafute Google, unaangukia kwenye tovuti za ajabu zinazotaka namba yako ya simu.

Ndipo nikajifunza kutengeneza link fupi zangu mwenyewe. Unafungua akaunti kwenye tovuti ya kufupisha link, unaweka ile ndefu, inatoka anwani fupi yenye mkia unaoutaka: /fomu-chuo, /matokeo, /barua-kazi. Nimezibandika ukutani. Mteja anaandika anwani fupi na neno moja, amefika.

Na kuna kitu kingine. Ukiingia kwenye akaunti yako unaona link imefunguliwa mara ngapi, saa ngapi, na kutoka nchi gani. Likumbukeni hilo, maana ndilo lililoniponza.

Sasa twende kwenye kisa.

Nyumbani kwetu siyo Kerende, ni jirani na Sirari, mpakani. Mwaka huu wezi waliingia zizini kwa mzee wakatoka na ng'ombe watatu. Wote ni wa mahari ya dada yangu Bhoke, aliyeolewa upande wa Kenya na bwana anaitwa Marwa. Mmoja wao, mwekundu mwenye baka jeupe usoni, mama ndiye alikuwa anamkamua kila asubuhi.

Yowe likapigwa. Kwetu mifugo ikiibiwa watu wanafuata nyayo, na kijiji ambacho nyayo zimeingia bila kutoka, hicho ndicho kinajibu. Tulizifuata mpaka kwenye lami, zikapotea. Mvua nayo ikamalizia.

Nikasema ngoja nitumie akili ya dukani. Nilikuwa na picha za ng'ombe hao, alama na mkato wa sikio vinaonekana vizuri. Nikaziweka mtandaoni kwenye folder moja, nikatengeneza link: /ngombe-watatu. Nikachapa karatasi, nikawapa wachuuzi wa ng'ombe wakazibandike minadani, mpaka upande wa Serengeti.

Hapo nilifanya vizuri. Ningeishia hapo ningekuwa mtu wa maana.

Lakini moyoni mdudu alishaingia. Baba mdogo alisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nikaanza kuwaza. Nani analijua zizi letu? Nani aliwaleta ng'ombe wale? Nani alilalamika mbele yetu kwamba alitoa mahari kubwa kuliko wenzake wote? Marwa. Alisema akicheka, lakini si alisema?

Nikamtegea.

Nikatengeneza link ya pili, picha zile zile, mkia tofauti. Hiyo nikamtumia Bhoke peke yake. Nikamwambia hizi ni taarifa mpya za ng'ombe, asimpe mtu. Nilijua cha mke mume atakiona tu. Na mwizi hatulii, lazima achungulie tumefika wapi.

Siku hiyo zikaja click mbili tatu, nikasema huyo ni Bhoke mwenyewe.

Kesho yake, saa kumi na mbili asubuhi: click moja. Kenya.

Keshokutwa, saa ile ile: click moja. Kenya.

Siku tatu zilizofuata, hivyo hivyo.

Wakuu! Nikasema hizi ndizo nyayo, zimeingia kwa Marwa na hazijatoka! Sikumuuliza Bhoke hata swali moja. Nikapiga screenshot, nikai-print kwa rangi, nikapeleka kwa wazee wa ukoo. Wazee hawajui click ni nini, ila nyayo wanazijua, na mimi niliwatafsiria hivyo hivyo.

Marwa akaitwa. Alikuja siku hiyo hiyo na Bhoke, dada yangu analia tangu njiani. Kila mtu alijua kinachofuata: wazee wakisema mkwe ni mwizi, ndoa imekwisha. Bhoke anarudi nyumbani, watoto wake wanabaki kule kwa baba yao.

Marwa akawaamkia wazee shikamoo, mmoja mmoja. Mimi akaniruka. Akaishika ile karatasi yangu ya rangi, akaitazama, kisha akaniambia taratibu:

"Wacha nikuulize, mura. Hao ng'ombe nimewalea tangu wakiwa ndama. Picha zao nizitafute za nini?"

Nikasema mashine haidanganyi.

Hapo mama akatoka jikoni anafuta mikono kwenye kanga. Akatoa simu yake iliyopasuka kioo, akauliza kama tunagombana kwa ajili ya hii. Akabonyeza mara moja tu, ng'ombe mwekundu akatokea.

Jamani!

Kumbe Bhoke alimtumia mama ile link siku ile ile. Mama alikuwa amemwambia anamkumbuka ng'ombe wake. Na simu ya mama ina laini ya Kenya, Bhoke alimpa ili waongee kwa bei nafuu, na pale nyumbani mtandao wa kule unashika vizuri kuliko wa huku. Kila asubuhi, saa ya kukamua, mama anaifungua na kumtazama.

Baba mdogo akamuuliza kwa nini hakuniomba picha mimi.

"Nilimwomba," mama akasema. "Aliniambia mambo ya mtandao mimi siyawezi."

Nilisema hivyo kweli, wakuu. Nilikuwa na haraka.

Wiki iliyofuata nikapigiwa simu na mchuuzi wa Morotonga, kule Serengeti. Aliona karatasi mnadani, akaandika /ngombe-watatu kwenye simu yake, akalinganisha masikio. Wawili wamerudi nyumbani. Mwekundu alikuwa ameshauzwa, na hakuna anayejua alikokwenda. Na wezi walipitia upande wa Serengeti, mpaka wa Kenya hawakuusogelea kabisa.

Kwa hiyo link fupi tengenezeni, zinarahisisha kazi sana, mimi ni shahidi. Ya mtu usiyemjua usiifungue. Ila ile namba ya click inakuambia simu imefungua tu, haikuambii ni mkono wa nani wala una nia gani. Ukimshuku mtu, muulize. Mimi ningemuuliza Bhoke swali moja, haya yote yasingekuwepo.

Wazee waliniamuru nimpelekee Marwa mbuzi. Nimepeleka. Mbuzi alipokelewa, mimi sikukaribishwa ndani.

Mliowahi kumkosea shemeji namna hii, mlianzia wapi? Niambieni hapo chini, nasoma kila mtu, hata wa matusi.

Ile link ya mtego sijaifuta. Leo saa kumi na mbili asubuhi: click moja. Kenya.