Mkono wa Shangazi Kwenye Mtama

Nikipita soko la Mkuyuni nikaona unga wa mtama kwenye ndoo, namkumbuka shangazi yangu, marehemu sasa. Na wanaonijua wanajua: nikianza habari za shangazi, sinyamazi.

Aliolewa akiwa msichana, akakaa miaka bila mtoto, akarudishwa kwao Kamanga, ng'ambo ya ziwa. Mume akaoa mwingine, naye hakuzaa, na bado mwanaume hakuulizwa! Majirani nao hawakuwa na haya. Msimu wa kilimo walimwita apalilie, abebe maji, lakini mbegu asiguse, eti mkono wake mkavu. Yeye alizoea. Mimi sikuzoea, na mpaka leo nikikumbuka moyo unachemka.

Nilipoajiriwa kuzalisha mbegu chotara za mtama, shamba letu la majaribio lilikuwa jirani na kwake. Tulikuwa na safu za mtama usio na chavua, lile vumbi la njano la kwenye maua. Suke linachanua vizuri tu, ila upande wa kiume ni mtupu. Tuliyafunika masuke kwa mifuko ya karatasi, chavua ya nje isiingie, watu wakatucheka: "Mtama umevaa kofia, unakwenda kanisani?"

Asubuhi moja vibarua walikuwa pungufu, na ua halimsubiri mtu. Nikamwendea.

"Shikamoo, shangazi. Njoo unisaidie kupandikiza chavua."

"Marahaba. Mkono wangu si unaujua?"

"Ndiyo huo huo ninaoutaka. Twende!"

Nikamwonyesha: unakung'uta vumbi la safu ya baba, mtama wenye chavua, ndani ya mfuko, unauvika kwenye suke lisilo na chavua, unatikisa. Alifanya taratibu, midomo ameibana, akiogopa kuniharibia kazi. Baada ya hapo kila nikifika namkuta kasimama nje ya uzio, anaitazama mifuko yake.

Siku ya kuifungua, masuke yake yalikuwa yamejaa punje pomoni. Nilipiga vigelegele peke yangu kama mwehu.

Msimu uliofuata tukazipanda punje zile. Baba wa punje hizo tulimchagua makusudi, mtama ambao watoto wake huwa na chavua tena, na kweli: ukiligusa suke, vumbi linakumwagikia. Shangazi alitikisa hili, akatikisa lile, kanga yote njano, anacheka. Sijawahi kumwona akicheka vile.

Ghafla akaacha kutikisa.

"Mama yao ndiye yule asiye na vumbi?"

"Ndiye, shangazi."

"Kwa hiyo hakuwa tasa."

"Hakuwa. Alipoletewa chavua, akazaa."

Akakaa chini pale pale kwenye tuta, viganja vimejaa njano, akavitazama.

"Kumbe," akasema, "mimi sikuletewa."

Nililia mimi, yeye hakulia. Mvua zilipoanza, alichukua mbegu akaingia shamba la baba yangu mchana kweupe, akapanda kwa mkono wake. Jirani mmoja akamwuliza toka njiani nani kamruhusu. Shangazi aliinama, akafukia shimo, akaenda kwenye lingine.