Goti Langu na Klabu ya Tonnerre

Jumapili moja, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilikuwa nimelala chali katikati ya barabara ya lami. Mwanamume mzima alikuwa amenikalia kwenye paja, na watu arobaini walikuwa wamenizunguka wananiimbia.

Sikuwa nimegongwa na gari.

Nilikuwa nimesema tu kwamba goti linaniuma.

Nilimaliza chuo, jiolojia, na kwa miaka miwili nilipeleka barua nikajibiwa na kimya. Halafu kampuni moja ya madini kule Kambove ikaniita. Sharti lao lilikuwa moja: kabla ya mahojiano, kila mtu akimbie kilomita tatu kwa dakika ishirini na mbili. Ukishindwa, unarudi kwenu.

Mimi tangu sekondari nilikuwa nimekimbia mvua tu.

Nilikuwa na wiki kumi. Nikajiunga na Tonnerre, klabu ya footing, mbio za Jumapili, ya mtaa wetu, Bel-Air.

Kama hujaona klabu za Lubumbashi siku ya Jumapili, sikia. Watu hawakimbii ili wafike. Wanakimbia ili wasikike. Mistari minne, wimbo mmoja, na kila kiitikio kikifika, mguu wa kulia unapigishwa chini kwa pamoja.

Pwaa!

Tukipita kwenye mtaa wa klabu nyingine, tunapigisha mara mbili zaidi, ili waamke wakijua Bel-Air imepita.

Mkubwa wetu aliitwa Coach Anselme. Miwani ya jua kabla jua halijatoka. Filimbi shingoni. Na alitufundisha kukimbia akiwa amekaa juu ya pikipiki.

Ndiyo, pikipiki. Na akili yangu ya chuo kikuu haikushtuka.

Wiki ya tatu goti la kulia likaanza. Kwanza kama sindano nikishuka ngazi. Halafu likavimba kama beignet, andazi la mafuta.

Nikanyoosha mkono. "Coach, goti iko inaniuma."

Pikipiki ikasimama. Wimbo ukasimama.

"Licencié!" akasema, jina alilonibandika kwa sababu ya digrii yangu. "Ulisoma mingi mpaka goti nayo inajua kulalamika?"

Watu wakavunjika mbavu kwa kicheko.

"Goti haiumake. Ni woga njo iko inauma. Lala chini!"

Akanikalia. Akatoa ukanda wa mpira uliokatwa kwenye chambre à air, tyubu ya tairi la lori, akalifunga goti langu mpaka vidole vya mguu vikawa baridi. Chama, yule wa mstari wa mbele mwenye sauti kubwa, akaanzisha wimbo wa mvivu.

"Simama! Pigisha!"

Nikapigisha. Nikaona nyota mchana.

Aibu yangu ni hii: nilirudi Jumapili mbili zaidi. Nilimwamini. Nilidhani wote wale wana miguu ya chuma, ila mimi tu nina mguu wa karatasi.

Mpaka asubuhi moja mama alinikuta nashikilia ukuta ili niende chooni.

"Weye mutoto, ku Kambove utafika na mukongojo?"

Jumatano yake nikaenda hospitali, kwa kiné, yule mtaalamu wa viungo, Mama Mwajuma. Kwenye benchi la koridoni kulikuwa na mtu amekunja suruali mpaka mapajani, mfuko wa barafu kwenye kila goti.

Miwani ya jua.

"Coach?"

"Licencié, sema polepole."

"Magoti yote mbili?"

"Mwaka ya tatu hii. Njo maana sikimbiake tena."

"Na unatuambia ni woga?"

Akavua miwani. Macho yake yalikuwa madogo, ya kawaida kabisa. "Ungetaka niseme nini? Klabu ya bantu beko natembea, nani atakuya?"

Nilikuwa namwonea huruma, na huruma ile ilinikasirisha.

Mama Mwajuma alilibonyeza goti langu na kuuliza nani alinifundisha kupigisha mguu hivyo. Nikataja Tonnerre. Akapumua kwa nguvu.

"Mwanangu, wiki moja usikimbie. Kaa na mgongo ku ukuta, ukaze mapaja. Kisha dakika mbili ukimbie, moja utembee. Hatua fupi, ku udongo, haina ku lami. Na ule mpira uutupe."

Jumapili nikaenda Tonnerre, si kukimbia, bali kusema ukweli. Nikasimama mbele ya mistari yote.

"Bandugu, Coach eko mugonjwa ya magoti! Nilimukuta kwa kiné. Kupigisha lami njo kunatuua!"

Nikangoja wamgeukie Coach.

Chama akakuna kichwa. "Njo habari hiyo tu?"

"Unajua?"

"Papa, mi niko kwa Mama Mwajuma kila mardi."

"Mi jeudi," akasema Gaëlle wa mstari wa pili.

"Mi na bwana yangu, vendredi," sauti nyingine ikasema.

Walijua, kila mmoja na siku yake ya wiki. Wote. Chama akanipiga bega kama mtoto. "Licencié, mambo ya magoti tunayasemaka nyumbani. Huku ba-klabu bengine beko nasikia. Unataka Bel-Air ipite kimya?"

Nikawatazama. Watu wazima wenye ndoa na watoto, wanapeleka magoti kutengenezwa katikati ya juma ili wakayavunje tena Jumapili, kwa ajili ya kelele. Sijawahi kudharau watu namna ile, na mimi nilizoea kuwapenda watu wote.

Kwenye mstari wa nne msichana mmoja alikuwa analia. Dorcelle, mgeni kama mimi, mpira umemkaza gotini.

"Nilifikiri ni miye peke," akasema.

Nikamfungua ule mpira, nikamwambia dakika mbili za kukimbia na moja ya kutembea, nikaondoka. Yeye alibaki. Walinisindikiza kwa wimbo wa mvivu.

Nikafanya alichosema Mama Mwajuma, peke yangu, kwenye njia ya vumbi. Wamama wenye beseni kichwani walinipita.

Siku ya Kambove tulikuwa sitini. Nilikimbia, nikatembea, nikakimbia.

"Chef, uko mu promenade?" msimamizi akapiga kelele, kama vile niko matembezini.

Dakika ishirini na moja na sekunde arobaini. Wa mwisho kati ya waliofika ndani ya muda. Mahojiano nikayapita pia, na kazi nikaipata.

Jioni ile, nikiwa nimerudi Bel-Air na mama ameshawatangazia majirani, simu ikalia. Tonnerre walikuwa wameweka picha yangu kwenye grupu yao ya WhatsApp: "Licencié, tunda la Coach Anselme! Tonnerre inatengeneza mabingwa!"

Vidole gumba thelathini na kitu.

Chini yake Dorcelle akaandika mstari mmoja: "Alipita sababu alituacha."

Wakamtoa kwenye grupu dakika ile ile.

Kesho yake asubuhi alinikuta kwenye njia ya vumbi, amevaa raba, anauliza dakika mbili zinaanzia wapi.

Wewe unayeanza kukimbia: goti likiuma, tembea. Watakucheka, najua. Waache wacheke. Goti ni lako, na vicheko ni vyao.