Sahani ya Mwalimu

Tangu korona, ndoo ya javeli, dawa ya kuulia vijidudu, ipo mlangoni kwangu, na harufu yake hunirudishia sahani moja. Wakati wa vita, kipindupindu kilipofunga shule, wazazi waliacha kumlipa mwalimu wetu. Siku moja alipita nyumbani kutujulia hali. Mama, ambaye sasa aliogopa hata maji ya mto Lualaba, alimpa wali na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Alikula, akashukuru, akatoka.

“Osha ile sahani na javeli!” mama alinipigia kelele. “Mara mbili!”

Mwalimu, aliyekuwa bado uani, aligeuka. Nilitazama chini kwa aibu.

“Osha muzuri, mutoto,” alisema. “Hata kwangu njo tunafanya vile.”

Mama aliingia ndani upesi. Nilichovya sahani kwenye ndoo. Sahani haikuwa na hata punje moja ya wali ya kuosha.