Kwanza Samaki Wapumue

Nakumbuka siku ile samaki wetu walipopanda juu wote kwa pamoja, midomo wazi, wakitafuta hewa juu ya maji. Sipendi kuikumbuka, mwanangu. Nakusimulia kwa sababu nimesikia nawe unajenga tangi la sato, na wazee tusiposema tunayoyajua tunazikwa nayo, yasimfae mtu.

Nywele zangu zilikuwa bado nyeusi wakati huo. Tulikuwa Nyantakara, kwenye boma la baba yangu, Msukuma aliyehama Shinyanga na ng'ombe wake akitafuta malisho. Mdogo wangu, Masanja, hakuwa mtu wa ng'ombe. Vijana wa rika lake walikuwa wakienda mashimoni kuchimba dhahabu, na wengine walikuwa wameshafukiwa huko. Mama alikuwa ameshafariki, na kabla hajaondoka aliniomba neno moja tu: Masanja asiende mashimoni. Kwa hiyo alipokuja na habari ya kufuga samaki, nilimshukuru Mungu. Tangi lile ndilo lililokuwa limemshika nyumbani.

Alilijenga mwenyewe kwa saruji. Maji ya samaki yalitoka kwa bomba, yakaingia kwenye pipa la kuchujia lenye kokoto, kisha pampu ndogo ya sola ikayarudisha tangini. Tatizo lilikuwa moja. Kati ya pipa na tangi ilipita njia ya ng'ombe kwenda zizini. Masanja alitaka kuchimba mtaro apitishe bomba chini. Baba akakataa katakata, akisema ng'ombe wake hawatavunjika miguu kwa ajili ya vitoweo. Basi bomba likapandishwa juu ya nguzo mbili, juu kupita pembe za dume kubwa, likashuka upande wa pili mpaka chini, halafu likapanda tena kuingia tangini. Ukilitazama lilikuwa kama nundu. Wapita njia walicheka. Nani mwingine angeweka lango la heshima kwa ajili ya ng'ombe, kama si sisi?

Nundu ile ilikuwa na desturi yake. Bomba likikauka, hewa hukaa pale juu, na maji yaliyobaki kwenye kona ya chini huiziba njia yake ya kutokea. Pampu ndogo haina nguvu ya kuisukuma hewa ile. Inanguruma tu. Masanja alilijua hilo, na kila alipowasha upya alipanda ngazi, akafungua kiungio cha juu, akajaza maji kwa birika mpaka hewa itoke yote, ndipo akafunga. Lakini hakutueleza, nasi hatukumuuliza.

Siku hiyo alikwenda Biharamulo mjini kununua chakula cha samaki. Baba, kwa wema wake, nasema kwa wema wake kwa sababu najua alitaka kumfurahisha, akaamua kuosha zile kokoto. Akazima pampu, akamwaga pipa hata bomba likakauka, akaziosha vizuri, akajaza, akawasha. Pampu ikanguruma. Baba akaridhika, akaenda kuangalia ndama.

Masanja aliporudi, samaki walikuwa juu. Alitupa mfuko wa chakula akakimbilia ndoo. Baba naye alikuwa ameshawaona, na hofu ilikuwa imeshageuka hasira, kama inavyokuwa kwa wanaume wengi. Akatuita wote tukae. Mwanangu, kwetu baba akiita kikao hakuna anayesimama mpaka yeye amalize. Hata nyumba ingeungua, ungeungulia kwenye kigoda chako. Tukakaa, mimi na mume wangu, maana tuliishi hapo bomani, na Masanja na ndoo yake mikononi.

"Baba, niruhusu kwanza nichote maji," alisema Masanja.

"Kaa chini. Nikimaliza utachota."

Akakaa. Baba akaanza mbali, tangu Masanja alipoacha shule, tangu mbuzi aliyepotea, tangu vibanda vya kuku vilivyoanguka. Akasema mashine mbovu inafanana na aliyeinunua. Samaki tuliwasikia wakipiga maji kwa mikia, kisha wakapunguza. Halafu baba akasema neno ambalo maji yote ya mto Ruvuvu hayawezi kuliosha: kwamba mama yetu alikufa amechoka kumngojea mtoto huyu awe mtu.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Baba aliijua methali hiyo. Yeye ndiye aliyenifundisha.

Wakati huo ndipo jirani yetu alipopiga hodi, Mama Leokadia, bibi wa Kihangaza kutoka Ntobeye aliyeolewa kijijini kwetu. Alikuja kuomba chumvi. Pampu hakuijua hata kwa jina. Tukamwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku akitazama tangi, akatutazama sisi mmoja mmoja.

"Nyinyi watu," alisema, "samaki wanakufa na ndoo mnayo. Hukumu haiozi, itawangoja. Samaki wanaoza."

Hakusubiri jibu. Alimpokonya Masanja ndoo, akachota maji tangini na kuyamwaga tena kutoka juu, yapate kuchanganyika na hewa, hivyo hivyo, na kanga yake ikaloa. Nikasimama. Mume wangu akasimama. Masanja akaruka kwenye ngazi, akalegeza kiungio, hewa ikatoka ikivuma kama nyoka aliyekasirika, akajaza birika baada ya birika, akafunga. Muda si muda maji yakabubujika tangini.

Lakini maji yale yaliwakuta samaki wengi wamegeuza matumbo juu. Baba alisimama pale akaangalia jinsi hewa ile kidogo ilivyotolewa kwa kiungio kimoja. Alielewa. Niliona kwenye macho yake kwamba alielewa. Laiti angesema neno moja tu siku ile. Hakulisema, akaenda zizini.

Asubuhi Masanja alinikuta kisimani na begi mgongoni. Nikamsihi, nikamkumbusha mama. Akanijibu kwa upole, na upole ule ndio ulionivunja moyo: "Dada, samaki ningeanza upya. Hilo neno la baba nitalianzia wapi?"

Akaenda mashimoni. Mwanzoni alipiga simu, baadaye simu ikawa haipatikani, na mpaka leo haipatikani. Niliuliza kwa kila aliyetoka huko. Wengine waliniambia hili, wengine lile, na hakuna aliyeniletea hata shati lake nilizike. Baba aling'oa zile nguzo kwa mikono yake, akawazungushia ng'ombe njia nyingine, akalilaza bomba likapanda taratibu bila nundu mpaka tangini. Kisha akawa anakaa pembeni ya tangi lisilo na samaki, jioni baada ya jioni, mpaka alipofariki. Aliyepaswa kuliona bomba lile hakuliona.

Sasa sikiliza, mwanangu. Pampu ikinguruma na maji hayaji, izime, maana ikikaa kavu itaungua. Tafuta mahali pa juu kabisa pa bomba, fungua, jaza maji mpaka mapovu yaishe, funga, ndipo uwashe. Tena bomba lipande moja kwa moja bila kushuka na kupanda, na kama huna budi, weka koki ndogo pale juu. Kila mtu wa nyumbani umfundishe, hata asiyependa samaki.

Lakini hayo yote yaje baada ya ndoo. Watu husema haraka haraka haina baraka, nami nakuambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Kilicho hai na kinatafuta pumzi, kipe pumzi kwanza. Kosa ni la nani, mtaulizana mkishakausha mikono, na mara nyingi mtakuta hamna haja tena ya kuulizana. Na siku utakapokuwa baba, ukagundua umekosea mbele ya mwanao, mwambie siku hiyo hiyo, kabla hajafunga begi.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mkono mwepesi wa kuchota na ulimi mzito wa kuhukumu. Akulindie wote unaokula nao, na jua linapozama asikosekane hata mmoja wao unapowaita waje kula.